Miguu ya Dukhiram

Dada Kesari,

Huko Kanpur wote wanakusimulia vibaya kisa cha sinema yetu, nisikilize mimi. Uzi wako wa rakhi, ule wa dada kumfunga kaka yake, umefika, nimeufunga mkononi.

Wazungu walikuja hapa Banaras kupiga sinema ya maisha yetu. Mimi, mwanamume mzuri kuliko wote mtaani, nikanyoa ndevu, nikavaa kurta ya harusi iliyopigwa pasi, kama mtu anayepokea wageni. Mzungu akanipita kama nguzo! Akamchukua Dukhiram, fundi baiskeli, kwa sababu ya yale mandevu yake machafu. Wakampaka majivu, wakamkalisha kando ya mto, eti mtu wa Mungu.

Nikamwambia, "We Dukhiram, hata sala moja huijui!"

"Kaka Lallan, nyamaza bwana, natafakari," akajibu, jicho moja wazi.

Sasa sinema imeonyeshwa, na watu wanapanga foleni kumgusa miguu awabariki. Miguu imejaa grisi, dada! Mke wangu Sundari alicheka mpaka akakaa chini.

Haya, hapo pa Sundari kucheka nimetunga. Alikuwa kwenye foleni, kajifunika kichwa kwa heshima. Miguu yangu mimi aliigusa mara ya mwisho siku ya harusi.

Ndugu yako mwenye sura nzuri,
Lallan