Sumuni za Bwana Lumsden

Kilmorran, Uskoti
9 Machi 1766

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele, na umgawie shangazi Elspeth fungu lake. Kifua kimeacha kukubana? Na lile goti? Mimi ni mzima, ila vidole vimevimba kwa kuhesabu fedha, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Benki moja ya Edinburgh, isiyopenda kuona vibenki vya mikoani vikitoa noti zao, ilikusanya noti zetu za pauni mia sita, ikamtuma karani wake, Bwana Lumsden, aje tumlipe fedha taslimu. Sheria inataka tulipe papo hapo. Tukishindwa, benki imekufa, na wafumaji na wavuvi wa mji huu wamebaki na karatasi za kuwashia moto.

Mwajiri wangu, Mzee Orr mwenye benki, hakutetereka. Alinivuta nyuma ya mlango, akaninong'oneza, "Wattie, mlipe kwa sumuni. Moja moja. Ukikaribia kumaliza, piga chafya."

Nilipiga chafya, Mama. Nikaangusha na trei. Bwana Lumsden akawaka: "Wewe ulifundishwa kuhesabu na konokono?" Nikamjibu kwa adabu kwamba bwana akinisemesha napotea, inabidi nianze upya.

Kwa siku nzima alipata sumuni mia nane, yaani pauni ishirini, mfuko mmoja. Aliupeleka nyumba ya wageni ya Bi Isobel Rattray ukafungiwe ghalani. Asichojua ni kwamba Bi Isobel ana hisa kwetu. Kabla hajamaliza supu yake ya kondoo, mfuko ulisharudi benki kupitia zizi la farasi. Kesho yake namhesabia zilezile.

Siku ya kumi na moja jioni ikaja barua kutoka Edinburgh. Mabwana zake wamechoka, wamepatana na Mzee Orr: kuanzia sasa kila benki itapokea noti za mwenzake, na kubadilishana kila Ijumaa. Lumsden arudi na alicholipwa. Akaenda ghalani kuchukua mifuko kumi na moja, akakuta mmoja.

Alirudi na mfuko huo, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mzee Orr akaanza kusifia hali ya hewa. Mimi nikashindwa kujizuia, nikamweleza Lumsden yote. Alinitazama, akaukalia mfuko, akacheka mpaka nywele zake za bandia zikaanguka. "Yaani nimelinda mfuko mmoja siku kumi na moja! Mabwana zangu si wanapokea noti zenu sasa? Nirudishieni nilizokuja nazo. Angalau hazivunji mgongo."

Akaondoka na noti zake zote, akatuachia mfuko, nasi tukabaki na benki.

Sasa Mama, kaa kitako. Sumuni zile ni zako, za siagi uliyouza miaka thelathini, ulizonikabidhi nizifiche chini ya kitanda. Asubuhi aliyofika Lumsden sanduku la benki lilikuwa na pauni tatu tu, nami nikazitia zako humo. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungenikatalia. Nimekosa, nisamehe.

Nazituma kwa mchukuzi wa sufu. Usijisumbue kuzihesabu, zimehesabiwa mara kumi na moja. Ziko mia saba tisini na tisa. Moja iliingia kwenye ufa wa sakafu siku ya trei, na tangu hapo Bwana Lumsden alipunjwa kila siku bila kujua. Usimwambie mtu.

Mbusu shangazi kwa niaba yangu, na goti ulikande kwa maji moto.

Ni mimi mwanao, Wattie wako,
Walter Gilhespie