Shura ya Kuitikia Amina

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa unyenyekevu, maana mimi ni mkurugenzi wa zahanati ya jumuiya yetu ya Kiislamu na ndiye niliyeanzisha shura ya kila Alhamisi ili tusiendeshwe kwa amri ya mtu mmoja, na kila kikao nakifungua kwa dua, nasoma uamuzi nilioufikia, kisha nawaomba wenzangu maoni, wala hakuna aliyewahi kunipinga, hata tulipohamishia kliniki ya wajawazito ghorofani nami nikachukua chumba cha chini kiwe ofisi, lakini juzi nikamkuta mama wa miezi minane amekaa kwenye ngazi, kupanda hawezi, kushuka hawezi, nikamuuliza mkunga wetu, ambaye ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, "Mbona hukusema kikaoni?" akacheka, "Shemeji, kwani ulituita tushauri au tuitikie amina?" na leo ameniletea barua ya kuacha kazi, na mkunga mwingine hatuna, ila nikiutengua uamuzi mbele ya wafanyakazi, heshima yangu itabaki wapi?

Mkurugenzi Mpenda Shura

Mkurugenzi,

Pole. Dua yako sina shaka nayo; shaka yangu ni ratiba. Mafundisho unayoyajua yana mpangilio: kushauriana kwanza, kuazimia baadaye, kisha kumtegemea Mungu. Wewe ulianza na azma, ukafuatisha shauri, na kumtegemea Mungu ukamwachia mjamzito kwenye ngazi. Tena unajivunia kutopingwa! Bwana mkubwa, hata kiti chako hakijawahi kukupinga.

Cheo ni amana. Chumba cha chini ni cha wenye matumbo mazito, si cha mwenye cheo kizito. Kesho asubuhi beba mafaili yako mwenyewe uyapandishe ghorofani. Usimtume mtu, ngazi hizo zina somo. Alhamisi usisome chochote. Weka swali mezani, aanze mfagizi, kwani ndiye anayeziosha ngazi na kuona nani anakwama, nawe useme wa mwisho. Atakayekupinga, hoja yake iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama ilivyo.

Na usimtume mkeo akambembeleze dada yake. Kliniki ikishashuka, mwendee mkunga mwenyewe, umwambie, "Nilikosea," bila dibaji. Muulize atabaki kwa masharti gani, kisha unyamaze. Akikusema, usimdakie. Hiyo ndiyo itakuwa shura yako ya kwanza, na safari hii amina utaitikia wewe.