Pompe ya Lubunga Imepona, Chef Anataka Iugue Tena

Mpendwa Tantine Aurélie, naomba msaada, na naomba kwanza ukae chini, juu hii shida iko ya kucheka na ya kulia pamoja. Mimi naitwa Malika, niko ingénieur wa maji, nilisoma pompe na visima mpaka papa akauza mbuzi zake zote, na nilipoingia ofisi moja ya serikali hapa Kisangani walinipa mshahara mukubwa na meza ya kioo, mama akapika pilau mtaa muzima wakala, alors kazi yenyewe, Tantine, ni kuchagua pagne, kitenge cha ofisi, kwa sikukuu ya wanawake, na kumwandikia chef wetu, mukubwa wa ofisi, Papa Lambert, hotuba za matanga, na kusema kweli hotuba zangu zinaliza hata watu wasiomjua marehemu.

Bon, kule Lubunga, ng'ambo ya mto, kuna pompe moja ya mkono iliyokufa zamani, kila mwaka ofisi inaomba pesa Kinshasa ya kuitengeneza, pesa inakuja, tunaiita madesu ya bana, maharagwe ya watoto, kila mutu anapata sahani yake, na pompe inabaki maiti, na mimi pia sahani nilipokea. Lakini Jumamosi iliyopita nilivuka na pirogue kwa harusi ya Aïcha, rafiki yangu, nikaona wamama wanachota maji ya mto na matope yake, nikavua viatu vya harusi, nikafungua ile pompe, kumbe kilichokosa ni joint tu, kile kipande cha mpira cha kuzuia maji, nikaikata katika tairi kuukuu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nikaiweka, nikapompa, maji yakatoka! Wamama walininyanyua juu wakiimba, nikarudi harusini nimelowa mpaka kichwani.

Jumatatu chef akaniita, nikajua ni sifa, nikapaka hata mafuta ya midomo, yeye akashika kichwa, "Malika, mutoto wangu, umetuua! Wakubwa wa Kinshasa wanakuja Jumapili kuona pompe iliyokufa mbele watoe pesa ya mwaka huu, sasa tutawaonyesha nini?" Anataka nivuke tena, nitoe ile joint, niifiche ndani ya sakoshi yangu mpaka wageni waende. Nikikubali, napanda cheo. Nikikataa, ananituma Yahuma, kule mbali, na mama na wadogo zangu wanakula kwa huu mshahara wangu. Tantine, nifanye nini? Majina yetu uyasome tu kwa redio, Lubunga yote inajua tayari.

Malika, wa Makiso

*

Malika, nimekaa chini, na nimecheka mpaka technicien wetu amekuja kuuliza kama niko mgonjwa. Pole, mutoto. Sasa tulia nikugombeze.

Papa wako aliuza mbuzi ili uchague maua ya pagne? Mshahara mukubwa si dhambi, kula kwa amani. Lakini serikali inalipa mikono yako, na wewe ulikuwa umeiweka mfukoni. Na ile sahani ya madesu, kuanzia leo ifunike, sema umeshiba.

Joint usiiguse! Mutoto wa Lubunga ana kiu kila siku, hangojei ratiba ya Kinshasa.

Lakini chef wako usishindane naye kwa maneno, alianza maneno mbele hujazaliwa. Sisi watu wa hapa tuna dawa yetu: ndoyi, mutu wa jina moja na wewe. Ukimpa mutoto jina la mutu, yule mutu umemfunga. Ndoyi wake akiugua, yeye ndiye wa kuleta dawa. Akiwa na njaa, aibu ni yake. Donc Jumamosi, mbele wageni hawajafika, vuka uwaambie wamama waipe pompe jina: Papa Lambert. Imamu aombe, pasta aombe, lituma, ndizi za kuponda, itwangwe, na chef aitwe anywe kopo la kwanza. Atakataaje? Nani amewahi kukataa ndoyi mbele ya wamama wa Lubunga, halafu akapata pirogue ya kurudi?

Na hotuba yake nani ataiandika? Si wewe! Airudie Jumapili mbele ya wageni. Mwisho mutie mdomoni aseme: pompe hii ameitengeneza Malika, zingine za mukoa bado zimekufa, ni yeye atakayezitengeneza, na wamama ndio watakaochunga pesa. Akiisha kuyatamka, hawezi kuyameza tena. Wageni wakikuuliza kwa nini ilikufa muda wote huo, sema kweli, na sahani uliyokula wewe pia itaje, usiiruke.

Halafu akikutuma Yahuma, mama, enda! Mshahara utaenda nao, beba na spana zako. Kule nako watu wanakunywa maji, na hakuna atakayekuuliza rangi ya pagne. Mama yako niachie mimi, nitaenda kula pilau yake na kumutuliza.

Sherehe ya jina nimeisha kuianza, juu barua yako nimeisoma yote hewani na mji muzima umesikia. Papa Lambert, kama redio yako iko wazi: hongera, papa, umepata ndoyi ng'ambo ya mto. Iko muzima, inatoa maji muzuri, na Jumamosi inakungojea. Uje tu na shati la kubadili, juu itakumwagia.