Regulata Mbili na Lango la Bwawa

Jumatatu, 6 Agosti
Stoo ya shamba tangu asubuhi. Vumbi la ngano mpaka kwenye meno. Nyuma ya magunia nimekuta mtungi wa hewa na regulata mbili za kupumulia chini ya maji, mali ya wataalamu wageni waliorudi kwao. Mtu ameziandika "vifaa vya dawa". Hakuna aliyeuliza. Nchi hii itauawa na watu wasiouliza.

Lango la bwawa limekwama likiwa limefungwa. Upande wa pili mabirika ya ng'ombe ni makavu. Meneja anataka tuta la bwawa livunjwe Jumatatu ijayo. Maji yote yatapotea, na mvua bado mbali. Nimesema nitazamia. Akacheka. "Ndugu Safari, huku Hanang samaki umemwona wapi?"

Ujanani nilizamia bandarini Tanga. Anajua. Mpumbavu.

Jumanne, 7 Agosti
Grisi. Karakana yetu hupaka grisi ya trekta kila chombo kinachoingia stoo, kisishike kutu. Jembe, mnyororo, na sasa kitu cha kutia mdomoni. Fundi Tluway, mkuu wa karakana, anadai alizitunza. Nikamwambia alizitunza kama maiti. Tumegombana hadi chai ikapoa.

Nimezifuta kwa kitambaa. Moja ina mabomba mawili, ya kale. Nyingine bomba moja. Majina yamefutika kabisa. Bila kujua aina, hakuna vipuri.

Jumatano, 8 Agosti
Nimempigia simu Mhando, tuliyezamia naye, sasa fundi wa vifaa vya wazamiaji Tanga. Nikamweleza umbo la mfuniko, skrubu, mahali bomba linapotokea. Akazitambua zote mbili.

"Ya mabomba mawili iache, mpira wake haupatikani tena. Ya bomba moja niletee. Na usiijaribu, utavuta grisi."

Meneja kaninyima ruhusa. Nimepanda lori la ngano. Anifukuze.

Ijumaa, 10 Agosti
Tanga. Kiwambo cha mpira kimepasukapasuka kama tope la kiangazi. Mhando amefungua kila kipande, ameosha, amebadilisha mipira na springi. Mtungi ameupima, akaujaza. Nimejaribu gatini. Pumzi inakuja laini. Nilifurahi kama mwendawazimu.

Jumapili, 12 Agosti
Tutani watu wamejaa. Mzee Gidahenda, mfugaji na mtani wa kabila langu, ambaye ng'ombe wake wamelala bila maji tangu juzi, alinitazama nikivaa mtungi.

"Wewe Mmbulu, ukifia humo, maji hayo tutayanywaje?"

Hata mimi nilicheka.

Baridi. Giza la tope. Niliogopa, naandika hivyo bila haya. Nikapapasa. Gogo limekaba lango. Regulata haikukosea hata pumzi moja. Nikafunga mnyororo, nikatoka, ndipo Tluway akavuta kwa trekta. Gogo likaja. Wakazungusha usukani wa lango, likapanda, maji yakanguruma.

Nimeshinda. Tuta limesimama na maji yapo. Meneja alikuwa hapo, ameona kwa macho yake.

Tluway alipiga kelele kuliko wote. Nimempa mkono. Alistahili.

Jumatatu, 13 Agosti
Mkutano wa shamba. Shauri la kuvunja tuta limeondolewa. La mimi kuondoka bila ruhusa halikutajwa. Meneja akanipa nafasi niseme, akajiegemeza kitini, akingoja.

Nilikuwa na hotuba ndefu, kali, tayari kichwani. Dirishani kengele za ng'ombe zilikuwa zinateremka taratibu kuelekea mabirikani.

Nikasema ng'ombe wanakunywa. Nikakaa.