Safu ya Mwisho

3 Machi

Babu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na unakunywa dawa bila kubishana na Mama. Mimi mzima, ila viatu vipya vinanibana.

Nimeanza kazi. Mjomba amenipa nafasi masijala, chumba cha mwisho cha korido. Barua zote za Mkuu wa Jimbo zinapitia kwangu: nazigonga mhuri wa tarehe, naziandika daftarini, nampelekea. Kazi ileile uliyofanya wewe. Karani aliyenitangulia aliacha kikombe chake mezani, na hakuna anayeniambia alikwenda wapi.

Mwanao ni mtu mkubwa kweli, Babu. Wakisikia gari lake watu wanashuka ngazi huku wakifunga vifungo. Wanasema akishafungua soko jipya tarehe 20 atafanywa waziri. Naona aibu kumwita Mjomba mbele za watu, na aibu zaidi kumwita Mheshimiwa.

Mjukuu wako

9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kifua kinanung'unika, lakini tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Nijibu jambo moja. Ukimpelekea mjomba wako barua, anasaini daftarini? Pale kwenye safu ya mwisho, ya aliyepokea. Mengine baadaye.

Babu yako

14 Machi

Babu,

Shikamoo, na pole na kifua. Mwambie Mama ninakula.

Hasaini. Siku ya kwanza nilimfungulia daftari, akatabasamu. "Mama yako nimembeba mgongoni. Leo wewe unanisainisha kama mwizi?" Wageni wake wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo namkabidhi barua tu, natoka.

Kuna jingine. Juzi mhandisi wa soko alileta barua mwenyewe, viatu vimejaa saruji. "Binti, aisome leo." Ilisema nguzo tatu za ghorofa ya juu zimepasuka, soko lisifunguliwe. Niligonga mhuri wa tarehe 12, nikampa Mjomba mkononi. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Asante, mama. Hii niachie mimi." Jana nilipita sokoni. Nguzo zile zilikuwa zinapakwa rangi.

Katibu muhtasi, tunayemwita Dada Mkubwa, aliniambia tukinawa mikono, "Mjomba wako mvua ikimnyeshea, anayelowa ni mwingine." Nilicheka, halafu sikujua nimecheka nini.

Nimwulize?

Mjukuu wako

17 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Salamu nyingine ziache kwanza.

Mwulize leo, mbele ya watu, na umfungulie daftari asaini. Asiposaini, mrudie mhandisi, mwende pamoja popote mtakaposikilizwa.

Hukuwahi kujua kwa nini niliacha kazi. Miaka ishirini iliyopita mimi nilikuwa masijala, na mjomba wako ofisa kijana wa afya katika jengo hilohilo. Ilikuja barua kwamba maji ya kisima cha shule hayafai. Nilimpa mkononi. Sikumsainisha, baba anamsainishaje mwanawe? Watoto walipougua, barua ilikutwa kwenye droo yangu. Nilinyamaza ili yeye apande, nikabaki mzee msahaulifu.

Nilipaswa kukuambia siku unapanda basi. Niliona haya.

Babu yako

21 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi. Soko lilifunguliwa jana.

Mjomba alikata utepe chini, hakupanda ghorofani. Wengine walipanda. Mimi nilikuwa masijala. Nilisikia kama lori linamwaga kokoto, kisha kimya, kisha watu. Wanasema waliokufa ni kumi na mmoja. Wengine wanasema zaidi.

Leo Mjomba amekuja masijala. Hajawahi kuja. Alifunga mlango, akauliza kama nililala, akaomba daftari. Kwenye mstari wa tarehe 12 safu ya mwisho iko tupu. Aliitazama muda mrefu. Nilitaka kumwambia, "Nilikupa mkononi." Akaniambia niinuke kidogo kitini, akavuta droo ya meza yangu kama anatafuta kalamu, akaifunga. Akanishika bega. "Usiogope. Wewe bado mdogo, watu watakuelewa."

Alipoondoka nikafungua droo. Barua ya mhandisi imo, imekunjwa mara nne.

Babu, kuna watu wanapanda ngazi. Hawana haraka. Barua hii nampa Dada Mkubwa aiposti.

Mjukuu wako

26 Machi

Mjukuu wangu,

Sikuulizi hali. Gazeti limeandika kwamba karani mpya, msichana aliyetoka shule juzi, alisahau barua kwenye droo. Alisahau. Neno hilo nalijua, nimelivaa miaka ishirini.

Niko mjini tangu jana na mama yako. Kituoni polisi hawakuturuhusu kukuona. Dada Mkubwa ametupokea kwake. Anasema yuko tayari kusema.

Nimekuja na barua yako ya tarehe 14, ile inayosema ulimpa nani na akafanya nini. Bahasha yake ina mhuri wa posta, siku sita kabla ya soko kuanguka. Mhuri huo mwanangu hana pa kuufikia.

Alinitumia dereva: Baba, njoo nyumbani tuzungumze kifamilia. Nimemwambia dereva arudi na gari lake.

Asubuhi hii nimenunua daftari, nimelichora safu kama zamani. Naanzia kwa hakimu. Kisha nakuja kituoni na barua hii mkononi. Kila atakayepokea kitu kutoka kwangu leo atasaini, na kama ni mwanangu, atasaini kwanza.

Babu yako