Mkwe Wangu Ndani ya Gari Lisilo na Dereva

Bi Twaiba, pokea salamu zangu, na baada ya salamu ni aibu tupu. Mimi ni mjane wa hapa Bongwe, nina presha ya macho na kila mwezi nakwenda kliniki Msambweni, na tangu tuletewe haya magari ya umeme ya majaribio, yasiyo na dereva, yanayotuchukua wanne wanne hadi steji ya Ukunda tukapande matatu, nilikuwa nayapenda kweli, mpaka asubuhi moja gari likasimama lenyewe likamchukua Kaingu, mume wa binti yangu Dama, akaketi kunielekea, magoti kwa magoti, na sisi Waduruma mtu na mama mkwe wake hawakai hivyo, hata njiani tukikutana mmoja hupisha, na kwenye matatu makanga anatujua, angempeleka nyuma bila kuambiwa, lakini hili gari utaliambia nini? Nilijifunika leso uso mzima hadi Ukunda na sijapanda tena. Wenye mradi walipokuja kuuliza kwa nini wazee hatupandi, nikaona haya, nikasema naogopa, gari bila mtu litatuua, na kina mama wa kikundi changu wakaogopa kweli, hata Mwanamkuu mwenye mguu mbovu sasa anajikokota hadi steji, na tumeambiwa magari yataondolewa mwisho wa mwezi kwa kukosa abiria. Kliniki nimekosa mara mbili, jicho la kushoto limeanza kuona ukungu. Dama asema mumewe naye anatembea siku hizi, ati apunguze tumbo. Nifanyeje?

Mama Dama, Bongwe

Bi Twaiba anajibu: Mama Dama, kwa jicho nakupa pole. Kwa uongo sikupi.

Haya zako nazielewa, ni za mtu aliyelelewa. Lakini wenye mradi wangejuaje? Wameandika kuwa wazee wa Bongwe wanaogopa mashine, na kumbe mnaheshimiana. Na Kaingu, tumbo gani? Amekuachia gari, mama. Wewe nawe umemwachia yeye, na gari lapita tupu.

Mwambie Dama leo hii wapange, mumewe apande la kwanza, wewe la pili. Wapigie wenye mradi uwaambie kweli, huenda wakageuza viti vitazame mbele. Kisha nenda kwa Mwanamkuu umwombe radhi, kwani yeye ndiye anayetembea kwa ajili ya maneno yako, na mwambie kweli mbele ya kikundi kizima.

Kliniki ni wiki hii, usingoje mwezi uishe. Jicho likishakufa halirudi. Ikifika siku Kaingu apite mbele yako usimwone, hiyo haitakuwa heshima tena, utakuwa umepofuka.