Stima ya Watu na Pumzi ya Baba

Mama,

Basi lako linatembea. Najua ungetaka nianze na salamu, nikuulize unaendeleaje huko Tetu na hii baridi, lakini wewe mwenyewe ungeuliza basi kwanza. Linatembea, stima imo ndani, na Baba amepanda. Ndiyo, mumeo huyo huyo, aliyeapa kwamba gari la kubeba watoto wa nasari haliwezi kumbeba mzee wa kanisa.

Tangu uende, nyumba yetu ya Ruring'u imepoa. Siku nzima unasikia tu ile mashine yake ya oksijeni ikivuma kando ya kiti. Siku tuliyokuzika alikuwa amelazwa, na madaktari wakakataa katakata kumtoa. Akarudi nyumbani, wewe hauko. Hajawahi kuona kaburi lako, Mama. Mtungi mdogo wa oksijeni tuliopewa hautoshi kwenda Tetu na kurudi kwa ile barabara, na kule shambani hakuna hata nguzo moja ya stima. Kila Jumapili ananiuliza udongo umekaa aje, umeshuka au bado. Woiye, mtu na umri wake anaulizia udongo. Mimi najibu, halafu naenda jikoni kujifanya naosha vyombo.

Ndiyo maana nikaingia kwa basi. Ulikuwa umeshang'oa viti, umeweka kitanda na betri ili Baba asafiri na mashine yake, ukaacha nyaya zinaning'inia kila mahali kama matumbo ya mbuzi. Haki ulinikasirisha. Mtu anakufaje na kazi imebaki hapo?

Na vile tuligombana juu ya hizo nyaya! Wewe ndiye ulinifundisha kazi ya umeme, lakini kwa hili basi nilijiona najua kuliko wewe. Nilitaka swichi ya kujichagulia: stima ya nyumba ikiwepo, iichukue, ikipotea, jenereta iingie yenyewe. Ulicheka mpaka ukakaa kwa ndoo. "Stima ya watu ni mgeni," ukasema, "na mgeni anaishia sebuleni. Chumbani kwa mzee wangu haingii." Sebule yako ilikuwa chaja. Iwe stima ya nyumba, iwe ya jenereta, kazi yake ni kujaza betri tu, basi. Mashine ya Baba inakula kutoka kwa betri saa zote, kupitia inveta, kile kisanduku kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya nyumba, na haijui huko nje kuna nini. Stima ije kali, ije nyonge, ikatike, yeye anapumua. Na tundu la kuingizia stima ni moja tu, pale ubavuni mwa basi. Kebo ya nyumba itoke ndipo ya jenereta iingie, kwa mkono wa mtu mwenye macho.

Nimefanya hivyo hivyo. Nimenung'unika, lakini nimefanya. Hata ile chaja ya kupunguza na kuongeza, uliyonisumbua nayo mwaka mzima, nimeifunga. Penye waya nyembamba tunavuta kidogo, kwetu tunavuta vizuri. Ulizoea kusema ukialikwa kwa watu hukwangui sufuria.

Kabla ya kumleta Baba kwako, mahali hakuna stima kabisa, nilitaka kumjaribu mahali iko, hata kama ni ya kubahatisha. Tukaenda Mwea kwa Tata Nyambura, dada yake. Unajua vile Tata hupokea watu. Wali ulikuwa umeiva kabla sijazima injini, pishori ile inayonukia mpaka barabarani, na kuku tayari kwa mchuzi. Nikapima soketi yake ya jikoni kabla ya kuchomeka. Stima nyonge kama uji wa mgonjwa! Kinu cha mpunga kiko hapo nyuma, na kikianza kukoboa, taa za Tata zinakonyeza. Nikashusha chaja mpaka chini.

Sasa sikia maajabu. Kimani, mtoto wa Tata, aliona nimeliwekea gari kebo moja, akaudhika kwa niaba yetu. Kwao mgeni hapewi kitu kimoja. Akaenda kwa jirani akaazima jenereta, akarudi na kebo ya pili, akaanza kulizunguka basi akitafuta pa kuchomeka. "Mjomba lazima apate zote mbili," akasema, "apone haraka." Ati stima mbili zikikutana zinakuwa nguvu maradufu, kama kumwongezea mtu wali. Alizunguka mpaka akatokwa jasho. Akaniuliza kama fundi alisahau tundu la pili.

Nilicheka sana, halafu nikaingiwa na baridi. Kama kungekuwa na matundu mawili, na swichi yangu ya kujichagulia ikosee mara moja tu, upendo wa Kimani ungetuchomea kila kitu. Nilikuona hapo kabisa umekaa kwa ndoo yako. Haya, umeshinda.

Tukiwa bado tunakula, kinu kikaanza na stima ya Tata ikapotea yote. Redio ikanyamaza katikati ya wimbo. Niliacha sahani nikakimbia nje na mchuzi mkononi. Baba alikuwa amekaa mlangoni mwa basi na dada yake, mpira wa hewa puani. Mashine ilikuwa inavuma vile vile. Hata hakujua kuna kitu kimetokea. Alikuwa anamsimulia Tata vile ulimkataa mara ya kwanza kwa sababu alikuja kwenu na viatu vya matope, na nusu ya hadithi ilikuwa uongo, na Tata alijua. Alikuwa anacheka, Mama. Nikasimama hapo nikalia, na sikujificha.

Basi jana tukaja kwako. Mwangi, kaka yangu, alikuwa amefyeka nyasi za nepia na kuondoa mawe ili gari lifike karibu. Jenereta tukaiweka mbali, nyuma ya miti ya makadamia, moshi usimfikie. Nikanyoosha ule mpira mrefu kutoka mlangoni mwa basi hadi ulipo, ukatosha, Mungu ni mwema. Tukamwekea kiti. Akavua kofia, akakaa. Akasikiliza kidogo, kisha akanigeukia na ile sauti yake ya zamani: "Zima hiyo kelele. Nataka kuongea na bibi yangu."

Nikazima jenereta. Nikang'oa kebo. Hapo hapakuwa tena na stima ya mtu yeyote, zilibaki betri zako tu. Nikarudi ndani nikakaa kando ya mashine nikiangalia mita. Sikutega sikio. Niliona mgongo wake tu, na mkono unaopanda na kushuka vile hufanya akibishana na wewe. Mtu ambaye nyumbani hamalizi sentensi moja bila kupumzika, aliongea mpaka jua likahamia upande wa pili wa miti. Betri hazikutetereka.

Aliporudi nilimshika mkono kumpandisha. Alikaa kwa kitanda chako, akapangusa macho na kofia, akasema, "Bado sijamaliza."

Kwaheri, Mama yangu. Pumzika, umechoka vya kutosha kwa ajili yetu. Nitamleta kila barabara ikikauka, mpaka amalize. Na akimaliza, nitamleta tu.

Wako,
Wangechi